Jinsi ya kuipata The Thing ya 1982 uicheki nyumbani bila kuingizwa mkenge

Kama kuna muvi moja ya kutisha yenye mambo ya sayansi ambayo mtu inabidi uione kabla hujaanza kubishana na watu kuhusu muvi za kutisha, basi ni The Thing ya John Carpenter, ile ya 1982. Jamaa 12 wako kwenye kambi ya utafiti huko Antaktika, baridi la kufa mtu, redio haishiki, na katikati yao kumeingia kiumbe kinachoweza kujigeuza kuwa yeyote kati yao, yaani unayekula naye meza moja hujui kama ni yeye au ndo chenyewe. Siongezi neno hapo, nisije nikakuharibia.

Shida sio muvi, shida ni kuipata. Jina lenyewe maana yake ni "Kitu", sasa we ingia intaneti utafute kitu, unaletewa kila kitu, mara yule jamaa wa mawe wa Fantastic Four, mara nyimbo, mara muvi nyingine kabisa yenye jina hilohilo. Na hapo kwenye jina ndo watu wengi wanapopigwa, mimi nikiwemo. Kuna siku nilikodi kwenye huduma moja hivi, nimeona theluji kwenye kava, nimeona jina, nikabonyeza kulipa fasta maana tayari bisi ziko mezani, dakika kumi ndani naona kuna dada ndo staringi, nikasema mbona Kurt Russell, staringi wa ile ya 1982, hatokei? Kumbe nimelipia ya 2011. Hela hairudi, ukishabonyeza kuanza kutazama imekula kwako.

Kwa hiyo kabla hata hujauliza iko wapi, jua kwanza unatafuta ipi, maana ziko tatu. Ya kwanza ni ya 1951, nyeusi na nyeupe, jina lake kamili ni The Thing from Another World, ina dakika 87 hivi. Ya pili ndo hii yetu ya 1982, dakika 109, Kurt Russell ana ndevu na kofia kubwa ya ajabu. Ya tatu ni ya 2011, dakika 103, na hii ndo mchawi wetu, kwa sababu imepewa jina lilelile The Thing bila hata kanamba mbele, wakati hadithi yake ni ya mambo yaliyotokea kabla ya ile ya 1982. Sio mbaya kivile, ila ukianza nayo umekula pilau kwa kuanzia ukoko. Mbili za kwanza zimetoka kwenye hadithi moja ya John W. Campbell ya mwaka 1938, Who Goes There?, kwa hiyo hata maelezo mafupi ya huduma yanafanana fanana, wote ni wanasayansi, wote ni barafu, wote ni kiumbe, usiyategemee.

Tegemea vitu vitatu: mwaka, dakika, na jina la dairekta. Ukiona 1982, dakika 109, Carpenter, hiyo ndiyo. Kama unataka uhakika wa asilimia mia nenda IMDb, ile tovuti ya kumbukumbu za muvi, uichukue namba yake, kila muvi pale ina namba yake peke yake kama namba ya kitambulisho, hii yetu ni tt0084787, iko kwenye anwani ya ukurasa juu pale. Ukiibandika hiyo namba kwenye gugo hainaga longolongo, inakuja yenyewe tu. Na jambo lingine dogo ambalo limewahi kunisumbua, posta yake imeandikwa John Carpenter's The Thing, kwa hiyo ukiwa unapitia orodha iliyopangwa kwa alfabeti na hujaiona kwenye T, pitia na J kabla hujakata tamaa.

Haya, ushajua ni ipi, sasa iko wapi. Usianze kufungua huduma moja moja ukitafuta kama mtu aliyepoteza funguo, utachoka na utaishia kuangalia kitu kingine. Ingia JustWatch, iko kwenye wavuti na ina programu ya simu, hailipiwi. Kazi yake ni moja, unaiandikia jina la muvi inakwambia iko kwenye huduma gani, kama ni ya kulipia kwa mwezi, ya kukodi, ya kununua, au ya bure yenye matangazo. Reelgood nayo inafanya kazi hiyohiyo ila kwa nchi chache zaidi. Cha kwanza kabisa ukifungua JustWatch angalia NCHI. Nasema tena, nchi. Ukiingia kupitia linki aliyokutumia mtu, unaweza ukawa unaangalia majibu ya Marekani au Uingereza bila kujua, unaambiwa ipo, unakimbia kwenye huduma yako unakuta haipo, unaanza kulaumu intaneti. Haki za kuonyesha muvi zinauzwa nchi kwa nchi na kwa muda maalumu, kwa hiyo huduma ileile unayolipia wewe na anayolipia ndugu yako aliyeko nchi nyingine zina makabati tofauti.

Na hizo haki zinahama. The Thing ni mali ya studio ya Universal, na Universal iko chini ya Comcast ambao Marekani wana huduma yao inaitwa Peacock, lakini usifikirie kwamba kwa sababu hiyo itakaa humo milele, wanaikodisha kwa wengine miezi kadhaa halafu inarudi halafu inaondoka tena. Muvi za kutisha hasa zinapenda kuhama ikikaribia Oktoba sababu ya Halloween, huduma nyingi zinajaza kabati mwezi huo, Novemba unakuta kweupe. Linganisha na Alien ya 1979, ile ilikuwa ya Fox, na Disney walipoinunua Fox mwaka 2019 ikaingia nyumbani kwao, kwa hiyo kwenye nchi nyingi unaikuta Disney+ na haitembeitembei sana. Kumjua mwenye muvi kunakusaidia kubahatisha vizuri ila sio lazima, JustWatch ishafanya hiyo kazi. Ukiikosa leo weka kwenye orodha yako pale, itakujulisha ikiingia mahali.

Hizi orodha nazo zinachelewa wakati mwingine, muvi imeondoka jana na bado inaonekana ipo. Kabla hujalipia mwezi mzima kwa ajili ya muvi moja, bonyeza linki ikupeleke hadi kwenye huduma yenyewe uone kweli ipo, soma mwaka, soma dakika, ndo utoe kadi. Kuna huduma zinakubali uangalie kabati lao hata kabla ya kujiunga.

Kama unaitafuta ndani ya huduma unayolipia na JustWatch inasema ipo na wewe huioni, cheki profaili uliyoingilia. Hii imepewa R huko Marekani, yaani walio chini ya miaka 17 hawaingii sinema bila mtu mzima, damu na maviungo yanachanika ovyo, kwa hiyo profaili ya mtoto au profaili yoyote iliyowekewa kikomo cha umri haitaionyesha kabisa, hata kwa kuitafuta kwa jina, ni kama haipo duniani. Watu wanapiga simu huduma kwa wateja kwa ajili ya hilo tu.

Kuhusu kukodi. Mimi kwa muvi moja ya zamani nashauri kukodi kuliko kujiunga mwezi mzima, Apple TV wanakodisha, Amazon wanakodisha, YouTube pia kwenye nchi wanakofanya hiyo biashara. Utaratibu wa kawaida ni huu, ukishalipa unapewa siku 30 za kuanza kuangalia, ukibonyeza tu kuanza saa 48 zinahesabu, zikiisha imefungwa hata kama umebakiza dakika mbili. Kwa hiyo usianze usiku ukiwa na usingizi eti "nacheki dakika kumi tu nione picha ikoje". Nilifanya hivyo mara moja, nikaanza Ijumaa usiku, Jumamosi nikapata wageni, Jumapili usiku nimekaa vizuri nakuta mlango umefungwa, na nilikuwa nimebakisha pale pazuri kabisa pa kupima damu. Na ukinunua badala ya kukodi, ujue unachonunua ni ruhusa ya kuangalia, sio muvi yenyewe, siku wenyewe wakipoteza haki inaweza kutoweka kwenye akaunti yako, yameshawatokea watu.

VPN, ile programu inayofanya uonekane uko nchi nyingine, ntaiongelea kidogo maana najua kuna mtu ataniuliza. Inafanya kazi wakati mwingine, lakini huduma nyingi zimeikataza kwenye masharti yao na nyingi zinaitambua, kwa hiyo unaweza ukalipia VPN, ukalipia na huduma, halafu ukaambiwa zima hiyo kitu kwanza. Na wengi wanaangalia kadi yako ya malipo imetolewa nchi gani. Siitumii.

Bure ipo, na namaanisha bure halali. Tubi na Pluto TV hazitaki kadi, unavumilia matangazo tu, na wanapenda sana muvi za kutisha za zamani, ila hazifanyi kazi nchi zote. Kanopy unaingia kwa kadi ya maktaba, kama maktaba yako au chuo chako kimejiunga nao hulipi chochote na hakuna matangazo, na watu hawajui kabisa kuhusu hii, wana kadi ya chuo mfukoni na hawajawahi kujaribu. Halafu kuna Internet Archive kwa zile ambazo hazina tena hakimiliki. The Thing haimo kwenye kundi hilo, ukiikuta pale mtu kaipandisha kimagumashi tu. Ila kuna zingine nzuri za kujipoza wakati unaisubiri, kwa mfano Night of the Living Dead ya 1968, ile ya mazombi, ambayo iliingia mikononi mwa umma kwa uzembe wa kuchekesha, walibadilisha jina mwishoni kutoka Night of the Flesh Eaters, na walipotoa jina la zamani kwenye filamu tangazo la hakimiliki nalo likaondoka, wakasahau kuliweka kwenye jina jipya, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule ukikosa hilo tangazo umeliwa. Ya The Last Man on Earth ya 1964 nayo wanayo pale, Vincent Price peke yake mjini, wengine wote wamegeuka. Kwa hizi za bure chagua faili kubwa, maana kunakuwaga na kopi ishirini za muvi moja na nyingi zimetolewa kwenye kanda iliyochoka, chenga tupu.

Zile zingine za "bure" ndo usiguse. Unajua zinavyokuwa, unafungua ukurasa, kuna vitufe vitatu vya kuchezea muvi, viwili feki, ukibonyeza kinafunguka kiwindo kingine kinakwambia simu yako ina virusi, cha tatu kinakutaka ujaze kadi "kwa ajili ya kuthibitisha umri tu, hatukati hela". Wanakata. Au unaambiwa danlodi kwanza plea yetu, faili la APK, yaani programu ya Android unayoiweka mwenyewe bila kupitia duka rasmi, na hilo ukiliweka kwenye simu yenye mambo ya benki shauri yako. Hata YouTube kuna wanaopandisha muvi nzima, picha wameigeuza kama kwenye kioo, wameweka fremu pembeni, sauti wameipandisha kidogo ili wasikamatwe, unaangalia Kurt Russell anaongea kama katuni. Muvi hii inaishi kwa ukimya na giza, ukiiangalia hivyo bora usiione.

Sasa diski. Kwa muvi kama hii diski bado ni mchongo, haihami mwisho wa mwezi na haihitaji bando. Ila kuna mitego miwili. Wa kwanza ni rijeni, yaani sehemu ya dunia ambayo diski imetengenezwa ichezwe. DVD zimegawanywa kwa namba, 1 ni Marekani na Kanada, 2 ni Ulaya na Japani na wengine, 5 ni sehemu kubwa ya Afrika, Urusi na India, na Blu-ray, zile diski zenye picha kali kuliko DVD, zimegawanywa kwa herufi A, B na C. Deki ikiwa haikubali rijeni ya diski inakuonyesha ujumbe wa kukataa na basi. Mfano halisi, Blu-ray ya hii muvi waliyoitoa kampuni ya Scream Factory mwaka 2016 ni A na ile ya kampuni ya Arrow ya 2017 ni B, zote mbili kali, lakini ukiagiza bila kuangalia nyuma ya kava unaweza kujikuta na kisahani cha kuwekea chai. Diski za 4K hazina mambo ya rijeni kabisa, na The Thing ilitoka kwa 4K mwaka 2021, ila uwe na deki ya 4K, deki ya Blu-ray ya kawaida haiisomi.

Mtego wa pili ni wa dakika na huu naupenda. DVD za mfumo wa PAL, ule wa TV za Ulaya na nchi nyingi za Afrika, zinacheza picha 25 kwa sekunde badala ya 24 za sinema, yaani muvi nzima inakimbia kwa asilimia 4 hivi, kwa hiyo muvi ya dakika 109 inaandikwa nyuma ya kava 104 au 105. Sasa kumbuka ya 2011 ina dakika 103. Umeona? Mtu unasoma kava unaona 104 unasema aah hii sio yenyewe, unaiacha, kumbe ndiyo, au unachukua ya 103 ukijua ni ileile tu imekimbizwa. Kwenye DVD malizia kwa mwaka na jina la Carpenter.

Kuna pia toleo lililokatwa kwa ajili ya kuonyeshwa kwenye TV huko zamani, wamepunguza damu na wakaweka sauti ya msimulizi anayekuelezea nani ni nani. Ukisikia mtu anasimulia juu ya picha, zima, hiyo ni kimeo.

Kuhusu bando nikupe hesabu ya harakaharaka, makadirio ya kawaida ni kama GB 1 kwa saa kwa picha ya kawaida, GB 3 kwa HD na GB 7 kwa 4K, kwa hiyo hii muvi itakula kama GB 2, au 5 na nusu, au karibu 13. Kama mtandao wako unakwamakwama danlodi kwanza ndani ya programu ya huduma yenyewe. Na kama picha kwenye simu yako haitaki kuwa HD hata ufanyeje na mtandao uko vizuri, inawezekana simu yako ni Widevine L3 na sio L1, hiyo ni aina ya kufuli la kuzuia wizi wa muvi, simu za L3 nyingi zinapewa picha ya kawaida tu hata kama umelipia HD. Kuna programu inaitwa DRM Info inakuonyesha uko wapi. Angalia kabla hujakodi ya HD.

Ukishaipata, zima taa. Sio mbwembwe, nusu ya hii muvi iko gizani na korido zake ukiwa na taa unaona uso wako tu kwenye kioo. Ingia kwenye setingi za TV utafute ile kitu ya kulainisha mijongeo, kila kampuni ina jina lake, uizime, inafanya sinema ionekane kama tamthilia ya mchana, au kama TV yako ina Filmmaker Mode weka hiyo inazima takataka zote kwa mpigo. Vaa hedfoni kama spika za TV ni nyembamba, muziki ni wa Ennio Morricone na mwanzoni kuna besi inadunda mara mbili mbili kama moyo, kwenye spika za simu hausikii kitu.

Na maandishi ya chini. Hapa nisikilize vizuri. Mwanzoni mwa muvi kuna mbwa anakimbia kwenye theluji, helikopta inamfukuza, jamaa anamlenga kwa bunduki anamkosa, akishashuka anaanza kufoka Kinorwei. Wamarekani waliosimama pale hawamwelewi na wewe hutakiwi kumwelewa, ilitoka bila tafsiri makusudi, kwa sababu anachosema ni siri ya muvi nzima. Ukikutana na kopi ambayo mtu kajitia msaada akakitafsiri, umeharibiwa ndani ya dakika kumi. Kwa hiyo anza na maandishi yakiwa yamezimwa, subiri mpaka huyo jamaa anyamaze, ndo uyawashe.